Anayekoroma Hajalala Fofofo

Katika nyumba nyingi, mtu anayekoroma huhesabiwa kuwa ndiye aliyefaidi usingizi. Asubuhi hutaniwa, watoto humwigiza, na mwenyewe hucheka nao. Wakati huohuo, ndugu yake aliyeamka saa nane usiku akakaa macho nusu saa huenda kazini akiamini kwamba anaumwa, na binti aliyekabwa na jinamizi alfajiri hutafutiwa wa kumwombea. Naona hofu zetu tumezipanga kinyume. Kati ya hao watatu, wa kwanza kupelekwa hospitali ni yule anayetaniwa.

Tukiwa macho, misuli ya koo huishikilia njia ya hewa ikae wazi. Tukilala, misuli hulegea, ulimi hurudi nyuma na kaakaa laini huteremka. Hewa ikilazimika kupita mahali pembamba, nyama hizo hutikisika, na huko ndiko kukoroma. Kwa wengi mambo huishia hapo. Kwa baadhi, njia huziba kabisa, na anayelala kando huyasikia yote. Mkoromo unapanda, unapanda, kisha unakatika ghafla. Kifua bado kinahangaika, tumbo linainuka na kushuka, lakini puani hakutoki wala hakuingii kitu. Sekunde 10 zinapita, kisha 20. Mke ameshajiinua kwa kiwiko, anamtazama, anasita kumtikisa. Ndipo mume anashtuka na kuvuta pumzi kwa kishindo kama mtu aliyeibuka majini, anageukia ukutani, na mkoromo unaanza upya. Asubuhi hakumbuki lolote.

Madaktari huhesabu kila mkatiko wa pumzi unaofika sekunde 10. Ukitokea mara 5 au zaidi kwa saa, tayari si hali ya kawaida. Ukifika mara 30, ugonjwa ni mkali. Mtu wa kiwango hicho akilala saa 7 atakuwa ameshtuka zaidi ya mara 200 bila kujua, na ndiyo maana anaamka amechoka. Watafiti waliochapisha hesabu zao mwaka 2019 katika jarida la The Lancet Respiratory Medicine walikadiria kuwa karibu watu bilioni 1 duniani, wenye umri wa miaka 30 hadi 69, wana tatizo hili. Wengi wao hawajaambiwa.

Kila oksijeni inaposhuka, mwili huitikia kana kwamba umevamiwa: homoni za hatari humwagika, moyo huenda mbio, presha hupanda. Hilo likirudiwa usiku baada ya usiku, presha hubaki juu hata mchana. Mgonjwa ambaye presha yake haitulii kwa dawa tatu anastahili kuulizwa jinsi anavyolala. Dalili nyingine ni kuumwa kichwa asubuhi, mdomo kukauka, kuamka mara kwa mara kwenda haja ndogo (wengi hudhani ni sukari tu), na kusinzia mchana. Kusinzia huko ndiko kunakonitisha zaidi. Tanzania iliruhusu tena mabasi ya mikoani kusafiri usiku mwaka 2023, baada ya katazo la miaka mingi. Dereva hupulizishwa kipima ulevi, na ni haki. Ningetaka pia aulizwe kama anakoroma, kwa sababu mtu mwenye ugonjwa huu anaweza kulala kwenye usukani akiwa hajaonja hata tone.

Hadi mwaka 1980, tiba ya uhakika kwa aliyezidiwa ilikuwa kutobolewa koo ili apumulie kwenye tundu hilo. Mwaka huo huko Sydney, Australia, daktari Colin Sullivan alikuwa na mgonjwa aliyekataa katakata kutobolewa. Sullivan akachukua mota ya aina ya mashine ya kufyonza vumbi, akaigeuza ipulize badala ya kuvuta, akaiunganisha kwa mpira hadi kwenye barakoa ya puani. Msukumo mdogo wa hewa ukalizuia koo lisijifunge, na mgonjwa akalala usiku kucha. Jarida la The Lancet lilichapisha kazi hiyo mwaka 1981, ikieleza wagonjwa 5. Mashine za leo ni ndogo na hazina kelele nyingi, ila bei yake bado ni mzigo kwa familia nyingi za kwetu, na bima zingepaswa kulitazama jambo hilo.

Asiye na mashine hajakosa pa kuanzia. Kupunguza uzito kwa asilimia 10 kunaweza kupunguza mikatiko ya pumzi kwa takriban robo. Kulala ubavu husaidia wale ambao koo lao huziba wakilala chali. Wengine hushonea mpira mdogo mgongoni mwa fulana ili wasigeuke. Pombe ya jioni iachwe. Na kabla ya kwenda kwa daktari, mwenza arekodi mkoromo kwa simu kwa dakika chache, hasa pale unapokatika. Rekodi hiyo humwambia daktari mengi ambayo mgonjwa mwenyewe hawezi kueleza.

Kuna mkoromaji mwingine tunayemsahau, naye ni mtoto. Mtoto anayekoroma kila usiku, anayelala mdomo wazi na kichwa kimepinda nyuma, mara nyingi ana nyama za pua au mafindofindo makubwa. Darasani huwa msumbufu au husinzia, na nyumbani huenda akaendelea kukojoa kitandani wakati wenzake wameacha. Huchapwa kwa yote mawili, na inauma kuliona hilo. Anachohitaji ni daktari wa masikio, pua na koo. Kukatwa kimeo mtaani hakumtibu, na kunaweza kumuua kwa damu kutoka au kwa maambukizi.

Na yule binti? Jinamizi linatisha, lakini halidhuru. Tunapoota, ubongo huifunga misuli ya mwili ili tusizitende ndoto zetu. Macho na misuli ya kupumulia huachwa. Mara chache akili huamka kabla kufuli hiyo haijafunguka. Mtu anakiona chumba chake, hawezi kuinua mkono, kifua kinamlemea, na vipande vya ndoto vinamletea kivuli mlangoni. Mwaka 1995, hofu ya popobawa, pepo anayesemekana kuwavamia watu usiku, ilipotanda Pemba na kuvuka hadi Unguja, watu walilala nje kwa makundi. Baadhi ya walioyachunguza masimulizi yale waliona yanafanana mno na jinamizi. Jinamizi huja zaidi kwa aliyechoka, aliyekesha, na anayelala chali, na hupita lenyewe baada ya muda mfupi.

Na kuamka usiku? Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo yao kuhusu Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi. Watu wazima 33 walivaa vipima mwendo mkononi kwa siku 20. Katika usiku wote huo, muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu. Karibu kila wakati kulikuwa na mtu aliyeamka, akageuka, akavuta sigara, akalala tena. Hakuna aliyekuwa mgonjwa.

Kukosa usingizi huwa ugonjwa kunapomwandama mtu angalau usiku 3 kwa wiki, kwa miezi 3, na kumharibia mchana wake. Mwanzo huwa na sababu: msiba, deni, mtoto mchanga. Sababu hupita, lakini mtu ameshajifunza kukihofia kitanda. Anapanda kulala saa mbili ili afidie, anagaagaa hadi saa saba, anachungulia simu kujua ni saa ngapi, kisha analala mchana na kuula usingizi wa usiku unaofuata. Tiba yenye nguvu kuliko zote inakwenda kinyume na hayo: kuamka saa ileile kila siku, hata baada ya usiku mbaya, kupanda kitandani macho yakiwa mazito tu, na usingizi ukigoma, kuondoka kitandani. Mwenye chumba kimoja akae mkekani au kwenye kiti, mwanga ukiwa hafifu. Kahawa ya kijiweni iishe mapema: ukinywa saa kumi na mbili jioni, karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini saa tano usiku. Wiki za kwanza ni ngumu, na wengi hukata tamaa hapo, lakini chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani Marekani kiliitaja njia hii mwaka 2016 kuwa ya kutangulia kabla ya dawa.

Kwetu dawa ndiyo hutangulia. Mtu huingia duka la dawa, akasema hapati usingizi, akapewa Piriton, ambayo nguvu yake ya kulaza hufifia ndani ya siku chache, au diazepamu isiyo na cheti cha daktari. Diazepamu, kama pombe, hulegeza koo na kuufanya ubongo uchelewe kushtuka pumzi inapokatika. Kwa mkoromaji, kushtuka huko ndiko kunakorudisha pumzi. Kwa hiyo namwomba mfamasia aulize swali moja kabla ya kufungua droo: unakoroma? Na mteja akijibu kwamba hajui, aombwe ampigie anayelala naye.