Simu Imejaa Katikati ya Msimu? Hamishia Mzigo Kwenye Memori Kadi, Ila Kwa Mpango

Leo siongelei mbolea wala viuatilifu. Naongelea kifaa ambacho kila mmoja wenu anacho mfukoni na kinawaangusha kipindi kibaya kabisa: simu iliyojaa.

Msimu uliopita kijana mmoja anayelima nyanya huku Ilula alinipigia saa moja asubuhi. "Bwana shamba, simu imenigomea." Kuna mnunuzi wa Dar es Salaam alitaka picha za mzigo kabla ya kutuma gari. Kijana anafungua kamera, simu inamwambia nafasi imejaa. Anafuta picha mbili, anapiga moja, inajaa tena. Akaanza kufuta hovyo, na kwenye kufuta hovyo akafuta pia picha za stakabadhi za pembejeo za msimu mzima. Picha za nyanya zilikuja kufika saa nne. Mnunuzi alikuwa ameshapata mzigo kwa mtu mwingine.

Nyanya haisubiri, mnajua wenyewe. Kwa hiyo tukae chini tuelewane jinsi ya kuongeza nafasi kwenye simu kwa memori kadi, nini kihamishwe, nini kisiguswe, na kosa nililolifanya mimi mwenyewe ambalo sitaki ulirudie.

Kwanza ujue ni nini kimejaza simu

Fungua Mipangilio, ile alama ya gurudumu lenye meno, kisha ingia Hifadhi. Simu itakuonyesha picha zimekula kiasi gani, video kiasi gani, programu kiasi gani. Usianze kuhamisha chochote kabla ya kuangalia hapo. Ni sawa na kupulizia dawa kabla hujajua mdudu.

Simu ya GB 16 haikupi GB 16 zote. Mfumo wenyewe na programu zilizokuja na simu vinachukua sehemu kubwa, mara nyingi karibu nusu. Kinachobaki ndicho unachogawana na picha, WhatsApp na mengine yote. Sasa piga hesabu: picha moja ya kamera ya kawaida ni kama MB 3 hadi 5. Video ya dakika moja yenye ubora wa HD kamili inafika MB 100 na zaidi. Ukirekodi dakika kumi za kantangaze anavyotoboa majani ili unitumie, umeshamaliza GB nzima.

Kwa wengi niliowakagulia simu, tatizo si programu. Ni picha na video, na nyingi hata hukuzipiga wewe, zimeingia kupitia makundi ya WhatsApp. Salamu za asubuhi, vichekesho, video za mpira. Simu inazipakua zenyewe na zinakaa.

Basi kazi ya kwanza ni hii. Ndani ya WhatsApp ingia Mipangilio, halafu Hifadhi na data. Sehemu ya kudhibiti hifadhi itakuonyesha faili kubwa na zile zilizosambazwa mara nyingi, futa usizohitaji. Kisha zima upakuaji otomatiki wa picha na video, ili kitu kipakuliwe pale tu unapokigusa. Bando lako nalo litapona hapo.

Hatua ya pili: picha na video ziende kwenye kadi

Hapa ndipo memori kadi inapofanya kazi nzuri na salama kuliko pote. Ukiweka kadi, simu nyingi za Android zitakuuliza unataka kuitumia vipi. Chagua itumike kama hifadhi ya kubebeka, yaani kadi ambayo unaweza kuichomoa na kuisoma kwenye simu nyingine au kompyuta.

Kisha fungua kamera, ingia kwenye mipangilio yake, tafuta mahali pa kuhifadhi, chagua kadi ya SD. Kuanzia hapo picha mpya zinaenda kwenye kadi moja kwa moja. Picha za zamani zihamishe kwa programu ya mafaili iliyopo kwenye simu. Kama hakuna, Files ya Google inafanya kazi hiyo vizuri na ni nyepesi. Chagua picha, bonyeza kuhamishia kwenye kadi, subiri imalize. Usichomoe kadi katikati.

Tengeneza mafolda mapema. Mimi nawashauri manne: stakabadhi, lebo za viuatilifu, picha za shamba kwa tarehe, na mauzo. Siku mnunuzi akikuuliza ulipulizia lini na dawa gani, ili ajue siku za kusubiri kabla ya kuvuna zimetimia, huhangaiki kupekua picha elfu mbili.

Hatua ya tatu: kuhamisha programu zenyewe

Ukimaliza hatua mbili za mwanzo na bado simu inalia, sasa tuhamishe programu. Kuna njia mbili, na zinatofautiana sana.

Njia ya kwanza ni ya programu moja moja. Ingia Mipangilio, Programu, chagua unayotaka, gusa Hifadhi. Kama programu hiyo inaruhusu kuhama, utaona kitufe cha kubadilisha mahali ilipo. Gusa, chagua kadi ya SD, kisha Hamisha. Ukikosa kitufe hicho, ama aliyeitengeneza programu hakuiruhusu, ama simu yako haina uwezo huo. Hakuna ujanja hapo, na usidanganyike na programu za kupakua zinazoahidi kuhamisha kila kitu. Nyingi zinakupeleka kwenye kitufe kilekile, na zenyewe zinajaza nafasi.

Na ujue kwamba kwa njia hii programu haihami yote. Sehemu inaenda kwenye kadi, lakini taarifa zake nyingi zinabaki ndani ya simu. Unaweza kuhamisha programu ya MB 200 ukaokoa MB 120 tu. Kwa hiyo anza na zile nzito usizotumia kila saa, kama michezo.

Njia ya pili ni kuifanya kadi iwe sehemu ya simu yenyewe. Uwezo huu ulikuja na Android 6.0 mwaka 2015, ila baadhi ya watengenezaji wa simu wameuzima kwenye simu zao, kwa hiyo usishangae ukiukosa. Ukiuchagua, simu inafuta kila kitu kilichopo kwenye kadi, inaifunga kwa siri ambayo ufunguo wake unakaa ndani ya simu, kisha inaihesabu kadi kama hifadhi yake ya ndani. Programu na taarifa zake zinaweza kukaa huko.

Inavutia, hasa kwa simu ya GB 8 au 16. Ila kadi hiyo sasa imeolewa na simu moja. Ukiichomoa, programu zilizoko huko zinapotea kwenye simu mpaka uirudishe. Ukiiweka kwenye simu nyingine au kompyuta, haisomeki.

Nilivyopoteza picha za misimu miwili

Hapa ndipo nilipoumia. Nilikuwa na simu ndogo, nikaiweka kadi kwa njia hii ya pili. Nikafurahi, nafasi ikawa ya kutosha. Humo nikaweka picha zote za shamba darasa: vitalu, umbali wa kupanda, majani yenye ugonjwa kabla na baada ya matibabu, mizani siku ya mavuno. Misimu miwili.

Siku moja simu ikaganda kwenye nembo, haiwaki. Nikampelekea fundi. Akaniuliza vizuri kabisa, "Kaka, nikiiflashi kila kitu kitafutika. Kuna kitu cha muhimu?" Nikamjibu kwa kujiamini, "Flashi tu, picha zangu ziko kwenye kadi."

Simu ikawaka kama mpya. Nikaweka kadi, simu ikaniambia kadi haisomeki, ifomatiwe. Nikajaribu simu ya fundi, nikajaribu kompyuta ya ofisini. Hakuna. Fundi hakukosea, alifanya nilichomwambia. Ufunguo wa kadi ulikuwa ndani ya simu, na simu ilipofutwa, ufunguo ukaondoka nao. Kadi ilikuwa nzima mkononi mwangu, na picha zimo, lakini hakuna wa kuzifungua.

Msimu uliofuata nilisimama mbele ya wakulima nikieleza kwa mdomo kitu ambacho ningewaonyesha kwa picha. Mkulima mmoja mzee akaniambia, "Mwanangu, mbona wewe ndiye uliyetufundisha tuweke kumbukumbu?" Sikuwa na la kujibu.

Kwa hiyo msimamo wangu leo ni huu: kwa mkulima wa biashara, tumia kadi kama hifadhi ya kubebeka. Njia ya pili itumie pale tu ambapo simu ni ndogo mno na huna namna, na hapo kumbukumbu zako ziwe na nakala mahali pengine kabla hujabonyeza kitufe.

Visivyotakiwa kuhamishwa

Programu za pesa na benki ziache ndani ya simu. Ukiwa mnadani, dalali anakusubiri, kadi ikateleza kidogo kwenye nafasi yake, hutaki programu ya kulipia ndiyo ipotee. WhatsApp yenyewe nayo iache ndani. Programu za kengele na vikumbusho, kama umeweka kukumbushwa siku ya kumwagilia au kupulizia, ziache pia, kwa sababu zikiwa kwenye kadi zinaweza zisiamke baada ya simu kuzimwa na kuwashwa.

Hata programu za kilimo unazozitegemea ukiwa shambani zibaki ndani. Mfano ni PlantVillage Nuru, inayotambua magonjwa ya muhogo na dalili za viwavijeshi vamizi kwenye mahindi bila kuhitaji intaneti. Kitu cha namna hiyo unakihitaji pale mtandao unapokosekana, kwa hiyo kipe nafasi ya ndani, na picha za harusi ziende kwenye kadi.

Kununua kadi isiyokutia hasara

Kabla ya kununua, angalia kwenye maelezo ya simu inakubali kadi ya ukubwa gani. Simu nyingine hazina kabisa sehemu ya kadi, iPhone zikiwemo, na nyingine zinakulazimisha kuchagua kati ya kadi na laini ya pili. Kama laini ya pili ndiyo ya wateja wako, pima kwanza.

Kwa picha na video, tafuta kadi yenye namba 10 ndani ya herufi C. Hiyo inaandika angalau MB 10 kwa sekunde. Kama unataka kuweka programu, tafuta iliyoandikwa A1 au A2, maana hizo zimepimwa kwa kazi ya kuendesha programu. Kadi ya polepole ukiiwekea programu, utadhani simu imeugua.

Jihadhari na kadi feki. Imeandikwa GB 128, bei ya soda mbili, ndani kuna GB 8. Inapokea faili zote bila kulalamika, lakini zile za mwisho hazifunguki. Ukinunua, ijaribu siku hiyohiyo: jaza video mpaka karibu ijae, kisha fungua zile za mwisho uone kama zinacheza. Mwenye kompyuta atumie programu ya H2testw, inapima ukubwa halisi. Ila ukiona kadi ya GB 32 inaonyesha kama GB 29, usigombane na muuzaji. Hiyo ni tofauti ya namna kiwanda na simu zinavyohesabu GB.

Na tuelewane jambo moja: kadi inaongeza nafasi ya kuhifadhi, haiongezi RAM. Simu nzito itapata pumzi kidogo kwa sababu haijajaa, lakini haitageuka kuwa simu mpya.

Kabla hujafunga ukurasa huu

Kadi ni kitu kidogo kuliko ukucha. Inapotea, inaingia maji, inakufa bila taarifa. Stakabadhi na mauzo ya kila wiki viandike kwenye daftari, na picha zake zitume kwenye barua pepe yako au uhifadhi kwenye Google Drive siku ukipata bando. Ukitaka kuchomoa kadi, ingia Hifadhi, gusa Ondoa kwanza, ndipo uichomoe. Na siku simu ikienda kwa fundi, muulize mwenyewe kabla hajakuuliza: kadi yangu imeunganishwa na simu, au inabebeka?

Kazi ya nyumbani: leo jioni ukitoka shambani, ingia Hifadhi uone nini kinakula simu yako, futa, hamisha picha, tengeneza yale mafolda manne. Haizidi saa moja. Mavuno yakianza, mnunuzi akiomba picha, umtumie papo hapo.

Anayekwama aje na simu yake na kadi siku ya kikao cha shamba darasa, tutafanya pamoja baada ya kazi. Msimu mwema.