Alichanjwa, Kisha Akafa

Lipo swali moja ambalo nimeulizwa katika chumba changu cha kutibia wazee hapa Mombasa, na matangani, na harusini, na hata msikitini nikiwa nimekwisha simama safuni, kwa wingi ambao umenifikisha mahali pa kulijibu kwa maandishi, ili atakayeliuliza tena nimpe gazeti asome, nami niendelee na kazi. Swali lenyewe ni hili: "Daktari, yule mzee wetu alidungwa chanjo ya korona akiwa hana lolote ila presha na sukari, na mwezi haukwisha akafariki, mbona basi mnaendelea kuwadunga wazee kitu kinachowamaliza?" Muulizaji aghalabu ni mtoto au mkwe wa marehemu, mtu aliyesoma, mwenye simu iliyojaa jumbe za sauti, na aghalabu huuliza hali mzee mwingine wa aila hiyohiyo ameketi ubavuni mwake, kimya, akisikiliza mauti ya mwenziwe yakifanywa burhani ya kumnyima yeye kinga.

Sitawatuhumu watu ujinga, kwani mwaka 2021 ulikuwa mwaka wa kauli zilizogongana. Shehena ya kwanza ya chanjo, dozi milioni moja na ushei za AstraZeneca, iliteremshwa Nairobi mwezi wa Machi, na kabla mwezi haujatimia mlango ukafunguliwa kwa waliofika miaka 58. Lakini mwezi huohuo Wajerumani, ambao Januari walikuwa wamesema kwamba chanjo hiyo wasipewe waliotimiza miaka 65, waligeuka wakasema wasipewe walio chini ya 60. Aliyezisikia kauli hizo mbili bila ya kuelezwa sababu ya hata moja alikuwa na haki ya kutaharuki. Sababu zenyewe hazikuhusiana kabisa: Januari, wazee waliokuwa wameingizwa katika majaribio walikuwa wachache mno hata hukumu juu yao isingeweza kutolewa, na Machi, ilipodhihirika kwamba chanjo ile huweza kwa nadra kugandisha damu, ilionekana kuwa wanaopatwa zaidi ni vijana. Yaani hadhari ile ya Machi ilikuwa ya kuwalinda vijana, na wazee ndio walioambiwa waendelee. Lakini mitaani kwetu habari ilifika kichwa chini miguu juu, kwamba Wazungu wameikataa sindano na kutuletea sisi tuwamalizie wazee wetu.

Sasa tuingie katika hoja ya "alichanjwa, kisha akafa". Nchi ya kwanza kusukumwa na hoja hii mbele ya dunia nzima ilikuwa Norway, taifa ambalo daftari zake za vifo hazipotezi mtu, lilipoanza kuchanja wakaazi wa makao ya wazee, tena likaanza na wanyonge kuliko wote, watu ambao wengi wao hawakuwa na uwezo wa kujigeuza kitandani. Januari 2021 ziliandikwa ripoti za vifo ishirini na ushei, kisha thelathini na ushei, baada ya sindano ya Pfizer, na habari ikaruka kila pembe. Iliyoachwa nyuma ni hesabu iliyotolewa siku zilezile na wakuu wa afya wa huko, ambayo sijapata hata mara moja kuletewa katika jumbe za sauti: kwamba katika makao hayo hufa, kwa wastani, watu 400 kila juma, chanjo iwepo isiwepo. Kamati ya Shirika la Afya Duniani inayochungua usalama wa chanjo iliyapitia mambo hayo, na mwezi huohuo ikahukumu kwamba vifo havikuzidi vile vinavyotarajiwa kwa watu wa umri na udhaifu ule. Wanorwei wenyewe, kwa ihtiyati, waliwausia matabibu wampime kwanza mgonjwa aliyebakiwa na siku chache, kama kuna faida ya kumtaabisha kwa homa hata ya siku moja. Usia mwema, ambao ungefaa kwa dawa yoyote na kwa upasuaji wowote, na ambao haukumhusu yule mzee wako anayetembea mwenyewe mpaka sokoni kununua samaki.

Tuhesabu pamoja, kwani hesabu yenyewe ni sahali na kila aliyepita darasa la saba anaiweza. Tuseme mji una wazee 10,000 waliovuka miaka 70, na tuseme katika kila wazee mia hufa watano kwa mwaka, kadiri ambayo haina mubalagha. Hao ni 500 kwa mwaka, karibu kumi kwa juma. Wadunge wote Jumatatu moja, si kwa chanjo bali kwa maji matupu ya chumvi, na kabla ya Jumatatu ya pili utakuwa umezika karibu kumi, na kabla ya mwezi kwisha karibu arobaini, na kila jeneza litafuatwa na jamaa wanaoapa, tena kwa haki kabisa, kwamba marehemu alichomwa sindano majuzi tu. Hawasemi uongo. Jogoo aliwika na kukapambazuka. Illa awike asiwike kutakucha.

Mtu wa pili kuchanjwa Uingereza, tarehe 8 Desemba 2020 katika hospitali ya Coventry, akimfuata Bi Margaret Keenan wa miaka 90, alikuwa mzee wa miaka 81 aliyeitwa William Shakespeare. Ndiyo, ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Mei 2021 alifariki kwa kiharusi kisichohusiana na sindano ile, na mtangazaji wa televisheni moja ya Argentina akawatangazia watu wake kwamba dunia imempoteza yule mtunzi mashuhuri wa tamthilia, aliyekwisha zikwa zaidi ya miaka mia nne. Tulicheka wote. Lakini kosa la mtangazaji yule si kubwa kuliko la mtu wa kwetu aliyeipokea habari hiyohiyo akasema, "Mnaona? Imemuua." Bi Keenan, aliyemzidi marehemu kwa miaka tisa na kudungwa siku moja naye chanjo ileile, aliendelea kuishi, na hakuna hata mmoja aliyenitumia ujumbe kunibashiria.

Na hapa ndipo subira yangu inapokoma. Mzee asiyechanjwa akifa, hata kama alikufa kwa korona yenyewe, akiitafuta pumzi usiku kucha huku wanawe wakizunguka mji kutafuta mtungi wa hewa, tunasema ajali yake imefika, tunasoma hitima, tunatawanyika. Mzee aliyechanjwa akifa kwa figo zilizokuwa zikizorota kwa miaka kumi, kadari hiyohiyo inawekwa kando na anatafutwa muuguzi wa zahanati wa kubebeshwa lawama. Ama mauti yote ni ajali iliyoandikwa, basi muacheni muuguzi. Ama yana sababu za kuchunguzwa, basi yachunguzwe na ya wale wasiochanjwa, ambao katika ugonjwa huu ndio waliokuwa wengi makaburini. Kuyagawa mauti mafungu mawili kwa kadiri yanavyokuridhisha si imani wala si elimu.

Atasema mtu: mnaficha. Yale mapande ya damu niliyoyataja yalikuwa kisa kimoja au viwili katika kila watu laki moja, na yalitambuliwa katika muda wa wiki chache tu, yakatangazwa na serikali zilezile zinazotuhumiwa kuficha, nazo zikaisimamisha chanjo zilizokuwa zimekwisha ilipia. Uchunguzi ulioweza kugundua madhara ya mtu mmoja katika laki usingeshindwa kuona wazee wakifyekwa kwa mamia. Ama lile tangazo lililozagaa mwaka ule, kwamba kila aliyechanjwa atakufa baada ya miaka miwili, likisingiziwa mtaalamu wa Kifaransa ambaye hakulitamka, muda wake umekwisha pita zamani, na walioniletea kwa hofu wangali wakija kliniki yangu kupima presha.

Chini ya swali hili lote imejificha dhana kwamba mwili wa mzee, kwa udhaifu wake, hauwezi kuhimili nguvu ya chanjo. Kweli ni kinyume chake. Homa, baridi na maumivu ya mkono baada ya sindano haviletwi na sumu, bali ni kazi ya kinga za mwili zinapoamshwa. Na kinga hizo huanza kupungua makali mapema, kwani tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, inayozifunza chembechembe za ulinzi kazi yake, hunywea tangu ujanani. Ndiyo sababu katika majaribio ya Pfizer na ya AstraZeneca wazee walilalamika homa na maumivu kwa uchache kuliko vijana, na ndiyo sababu katika nyumba nyingi mjukuu alilala siku mbili akiugua huku bibi yake aliyechanjwa naye pamoja ameketi akichambua mchele. Linalotutia wahka sisi matabibu si kwamba chanjo ni nzito kwa mzee, bali kwamba huenda ikawa nyepesi mno kwake: Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba waliotimiza miaka 60 na kuchanjwa kwa Sinovac au Sinopharm waongezewe dozi ya tatu, kwa kuwa mbili hazikuwatosha. Na presha na sukari, ambazo kila muulizaji huzitaja kama udhuru wa mzee wake, ndizo zilizokuwa zikimtanguliza mzee huyo katika hatari akiambukizwa, hazimzuii, zinamlazimisha. Kuhusu wanaojifukiza nyungu badala ya kuchanjwa sitapoteza wino: mvuke wa mwarobaini na mchaichai hupoa puani na kooni, virusi vimo ndani ya chembechembe za mwili kusikofikiwa na mvuke wala moshi, na athari pekee ya nyungu niliyoithibitisha kwa macho yangu ni mapaja ya mzee yaliyobabuka baada ya sufuria kupinduka chini ya blanketi.

Ukimuuliza mzee mwenyewe, jambo ambalo wanawe hawalifanyi, husikii habari za sumu. Bibi mmoja wa Mji wa Kale, ambaye nilimwamkia na kumwelekezea kiti changu ili yule mwanawe aliyekuwa akimsemea anyamaze kidogo, aliniambia: "Mwanangu, sindano sikuihisi, kilichoniua ni lile benchi." Akanifungulia mfuko wake wa nailoni: kipande kinachodai kuwa alizaliwa tarehe mosi Januari, kama wazee wengi ambao hakuna aliyeandika siku yao, kadi ya kliniki iliyochakaa, na karatasi ya chanjo iliyokunjwa mara nne. Alisajiliwa kwa simu ya mjukuu, kwa kuwa yake ni ya kupokelea tu, kisha mjukuu akapata kazi Doha. Na India ilipoacha kuuza nje chanjo zake, na nafasi kati ya dozi mbili ikasogezwa kutoka wiki nane hadi kumi na mbili, ujumbe wa kumwita bibi ulipofika ulisomewa Ghuba. Alikwenda mwenyewe, bila ya kuitwa, akarudishwa, akaenda tena.

Nao wazee wanaume wengi niliowaona hawakuikunja mikono ya kanzu kwa hofu ya korona, bali kwa shauku ya Makka, kwa sababu Saudia haikumpokea haji asiyechanjwa. Na ilipotangazwa kwamba hija ya 2022 itakuwa ya walio chini ya miaka 65 peke yao, wapo waliokuwa na dozi zote na nauli mkononi wakafungiwa mlango kwa umri. Sharti hilo liliondolewa mwaka uliofuata. Baadhi yao walikuwa hawamo tena duniani, na jamaa zao, bila shaka, waliniambia ni chanjo.

Nafasi imenibana, basi yanayofaa nayasema kwa haraka. Mwenye miaka 60 na zaidi aulize kituoni kama chanjo ya korona ipo na kama zamu yake ya nyongeza imefika, ambayo kwa watu wa umri huo huhesabiwa miezi 6 au 12 tangu dozi ya mwisho. Aulize pia chanjo ya mafua makali, ya kila mwaka, na ya nimonia, ambazo aghalabu hununuliwa katika hospitali za kulipia. Na anayekwenda hija adungwe ya homa ya uti wa mgongo siku kumi au zaidi kabla ya kuwasili. Siku ya sindano ale, na anywe dawa zake zote za presha na sukari, asizikatize. Avae nguo ya mkono mpana. Aseme kama anatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, na baada ya kudungwa akandamize pamba dakika mbili au zaidi bila kusugua. Mafua madogo si udhuru. Homa kali ni udhuru wa siku chache. Aliyevimba uso na kukosa pumzi baada ya dozi iliyopita asidungwe tena chanjo hiyo mpaka aonane na tabibu. Aketi robo saa kabla ya kuondoka, na karatasi yake aichukue picha mtu anayelala nyumba moja naye. Akipata homa anywe parasetamo na maji. Homa ya chanjo haipiti siku moja au mbili. Ikiingia siku ya tatu, iacheni sindano na mpelekeni mzee akapimwe malaria.