Rangi ya Mstari ni Sehemu ya Hoja

Programu za kompyuta za kukokotoa namba, yaani zile zinazotumiwa na wahandisi na wanasayansi kufanyia hesabu ndefu za vipimo na milinganyo, huchora pia grafu, na mchoraji asipotoa amri yoyote kuhusu rangi, programu humchagulia. MATLAB, iliyobuniwa na Cleve Moler mwishoni mwa miaka ya 1970 na ambayo kampuni ya MathWorks iliundwa mwaka 1984 ili kuiuza, ina orodha ya rangi saba ambazo mistari hugawiwa kwa zamu. Mstari wa nane hurudishiwa rangi ya kwanza, na hapo msomaji hupotea, kwa kuwa vitu viwili visivyohusiana vimevalishwa sare moja.

Njia fupi ya kujichagulia rangi ni herufi: katika MATLAB, na vilevile katika Octave, programu huria inayofuata kwa karibu lugha hiyohiyo ya amri, plot(x, y, 'r') huchora mstari mwekundu, 'b' huleta buluu, na 'k' huleta nyeusi. Herufi za namna hiyo ni nane tu, kwa hiyo anayetaka rangi mahususi huandika namba tatu kati ya 0 na 1, zinazotaja kiasi cha nuru nyekundu, ya kijani na ya buluu, kwani kila nukta ya skrini huundwa kwa nuru hizo tatu, ndiyo maana [0 0 0] ni nyeusi, [1 1 1] ni nyeupe, na plot(x, y, 'Color', [0 0.5 0]) hutoa kijani kilichokolea. Orodha nzima nayo hubadilishwa kupitia sifa ya mihimili iitwayo ColorOrder.

Orodha za zamani zilikuwa na kasoro ya kweli. Zilipanga nyekundu na kijani pamoja, ilhali takriban asilimia 8 ya wanaume wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini hushindwa kuzitofautisha vizuri, na zilikuwa na manjano, ambayo kwenye karatasi nyeupe hufifia mno. MATLAB ilibadilisha rangi zake mwaka 2014, na Matplotlib, maktaba ya kuchora grafu iliyoanzishwa na John D. Hunter kwa ajili ya lugha ya Python, ilifanya hivyo mwaka 2017 kwa kuweka rangi kumi mpya. Hatua hizo zilistahili, lakini hakuna orodha inayoweza kujua maana ya data.

Maana hiyo huijua mchoraji peke yake. Mistari ya joto la miaka kumi mfululizo hufaa kuchorwa kwa rangi moja inayokolea mwaka hadi mwaka, kwa sababu miaka ina mpangilio, ilhali aina nne za mbegu, ambazo hazina ya kwanza wala ya mwisho, huhitaji rangi zilizoachana kabisa. Na palipo na mstari mmoja unaobeba hoja, mingine yote ipewe kijivu. Kabla ya kuchapisha, mchoraji na aitoe grafu yake kwenye printa ya rangi nyeusi pekee, na mistari miwili ikifanana, mmoja augeuze kuwa wa vipande kwa alama '--'.