Sauti Inayosema "Mimi"

Usiku usio na mbalamwezi, ukisimama Kalundu, bandari ya Uvira, utaziona taa za wavuvi zikimetameta ziwani. Wavu ukishashushwa, mvuvi hana la kufanya ila kungoja ndakala, samaki wadogo, wakusanyike chini ya mwanga. Mikono imetulia, kichwa hakitulii. Deni la mafuta. Ada ya mtoto. Neno aliloambiwa asubuhi, na jibu ambalo angelitoa kama lingemjia mapema. Katika habari zote hizo mhusika ni yule yule: mimi.

Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, Marekani, walionyesha kwamba ubongo haulali mtu anapokaa bure, kama mvuvi huyo. Ziko sehemu zake zinazochangamka hasa wakati huo, kisha hupoa akishika kazi. Tafiti zilizofuata zilizihusisha na kujifikiria: yaliyonipata, yatakayonipata, watu wananionaje. Mwaka 2011 Judson Brewer na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Yale, walipima ubongo wa watu wachache waliozoea kutaamali kwa miaka. Walipolinganishwa na wasio na mazoea hayo, sehemu zao kuu miongoni mwa hizo zilikuwa zimepoa zaidi.

Zoezi lenyewe la kutaamali ni jepesi kulieleza. Kaa, fuata pumzi inavyoingia na kutoka puani. Likija wazo, tuseme "mimi sifai kitu", usibishane nalo, usilifukuze. Litambue kuwa ni wazo, urudi kwenye pumzi. Utapotea na kurudi mara mia, na huko kurudi ndiko kujizoeza. Polepole unaanza kuona kwamba "sifai kitu" ni maneno yaliyopita kichwani, kama taa ya mtumbwi inavyopita gizani. Hayakuwa wewe.

Hili si jambo dogo Uvira, mji ulioona vita, na ulioona mto Mulongwe ukibomoa nyumba za watu Aprili 2020. Baada ya msiba, wazo linalong'ang'ania ni "kosa ni langu". Judith Bass wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzake walilishughulikia hilo hapa hapa Kivu, kwa wanawake 405 waliofanyiwa ukatili wa kingono. Matokeo yalitoka 2013. Hawakuwafundisha kutaamali. Waliwakalisha baadhi yao katika vikundi, wakajifunza kulipima wazo badala ya kuliamini tu. Miezi 6 baada ya tiba, dalili za sonona au wasiwasi mkubwa zilibaki kwa 9% yao. Kwa waliosaidiwa mmoja mmoja bila tiba hiyo, 42%. Kwangu mimi, njia hizi mbili zinakutana mahali pamoja: wazo kumhusu mtu si mtu mwenyewe.

Lakini ukimya huweza pia kuamsha yaliyolala. Ndugu msomaji, ukiwa na jeraha zito, usianze kukaa nalo peke yako gizani. Tafuta kwanza mtu aliyefunzwa kusikiliza, au kikundi cha kukaa nacho, pumzi itakungoja.