Mbolea Hununuliwa Siku Gani?

Ndugu wanachama, huko Busia, magharibi ya Kenya, wataalamu Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson waliwachunguza wakulima wa mahindi waliokusudia kutia mbolea lakini wasiinunue. Si ujinga: siku ya kupanda ikifika, fedha ya mavuno imekwisha zamani. Basi wakauziwa mara tu baada ya kuvuna, bei ile ile, ila wakapelekewa bure. Wanunuzi wakaongezeka kama kwamba bei imepunguzwa nusu wakati wa kutia mbolea! Habari hizo zilichapishwa mwaka 2011. Ruzuku ya nusu bei ni mzigo kwa serikali yoyote.

Nasi fedha ya karafuu hutujia kwa mkupuo. Wakati wa kupalilia twauza karafuu zingali mtini. Mkutano ujao tutazungumza juu ya kuweka fedha ya kupalilia siku ile ile ya malipo, kwa atakaye.