Makaburi ya Shighatini: Tumeacha mafuvu, tusiache majina

 

Ndugu msomaji, Shighatini ipo Ugweno, kaskazini mwa Milima ya Upare, katika wilaya ya Mwanga iliyozaliwa mwaka 1979 baada ya wilaya ya Pare kugawanywa na sehemu nyingine kuwa Same. Chini ya milima hiyo, upande wa mashariki, limelala Ziwa Jipe, na ng'ambo yake ni Kenya. Ni mahali ambapo mtu akikutajia ukoo wake, awe Mshana, Msuya au Msangi, bado hujajua kama anakwenda msikitini au kanisani. Ndugu wa tumbo moja huswali Ijumaa huyu na kusali Jumapili yule, na wakifa hulazwa katika ardhi hiyo hiyo.

Makaburi ya huko hayana fahari. Utaona tuta la udongo, jiwe upande wa kichwa na jiwe upande wa miguu, na pengine mche wa masale, mmea ule ule ambao wenyeji wa Upare na Kilimanjaro huupanda kuonyesha mpaka. Marehemu wengine wamelazwa katika makaburi ya pamoja, wengine katika mashamba ya ukoo, pembeni mwa migomba. Masika yakipita mara kadhaa, tuta husawazika na ardhi. Jiwe huporomoka, au huchukuliwa na asiyejua akaenda kuzuilia mlango. Hapo kaburi huanza kuishi katika kichwa cha mzee mmoja tu, ambaye ndiye anayejua kwamba hapa yupo fulani na pale yupo mkewe wa kwanza. Naye mzee mwenyewe ana miaka zaidi ya 80. Akiondoka yeye, nani atasema?

Wazee wa zamani wa Upare walikuwa na jibu lao kwa swali hili. Profesa Isaria Kimambo, aliyechapisha historia ya Wapare mwaka 1969, na watafiti waliomfuata wameeleza jinsi koo zilivyokuwa na misitu yao mitakatifu. Upande huu wa kaskazini ulikuwapo mshitu, msitu wa jando, na ulikuwapo mpungi, msitu wa wafu. Mzee alipokufa alizikwa, na baada ya muda kupita kaburi lilifukuliwa, fuvu likatolewa na kupelekwa mpungi kukaa pamoja na mafuvu ya wazee wenzake. Huko ndiko walikotambikiwa mvua ilipokawia au maradhi yalipozidi.

Uislamu ulipopanda milimani, na wamisionari wa Kilutheri wa kutoka Leipzig walipofungua kituo chao Shighatini mwaka 1900, desturi hiyo ilianza kufifia. Kwetu sisi Waislamu hukumu yake iko wazi. Maiti hafukuliwi pasipo dharura inayokubaliwa na sheria, Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kuuvunja wa aliye hai. Wala hakuna wa kuombwa mvua isipokuwa Mwenyezi Mungu. Sina la kulitetea katika tambiko.

Lakini katika mpungi kila fuvu lilikuwa na mwenyewe. Aliyekwenda kutambika ilimbidi awajue anaowatambikia: baba, babu na baba wa babu. Tulipoliacha tambiko, nasi tulifanya vyema, tuliacha pamoja nalo kazi ya kuwajua wafu wetu. Na hiyo hatukuamrishwa kuiacha. Tumeamrishwa kinyume chake, kwani Mtume (S.A.W.) amewahimiza watu wajifunze nasaba zao kiasi cha kuwawezesha kuunga udugu, kama alivyopokea Tirmidhi. Katika nasaba ndimo tunamojua nani ni maharimu na nani anaolewa, nani anarithi, na deni la marehemu lidaiwe kwa nani. Leo vijana wawili wenye babu mmoja hukutana chuoni Arusha kama wageni.

Tutazame mwenendo wa Mtume mwenyewe. Alipofariki Uthman bin Madh'un, Muhajiri wa kwanza kuzikwa Baqii mjini Madina, Mtume (S.A.W.) alimwagiza mtu alete jiwe. Mtu yule hakuweza kulinyanyua. Mtume akaliendea mwenyewe, akakunja mikono ya nguo yake, akalibeba na kuliweka upande wa kichwa, akaeleza kwamba kwa jiwe hilo atalitambua kaburi la ndugu yake na kuwazika karibu naye watakaokufa katika jamaa zake. Habari hii imo katika Sunan ya Abu Daud. Lilikuwa jiwe tupu, lisilo nakshi wala kuba, na kazi yake ilikuwa moja tu: kutambua.

Kisa kingine kimo katika Bukhari na Muslim. Alikuwapo mwanamke mweusi aliyekuwa akifagia Msikiti wa Mtume. Baadhi ya wapokezi wamemtaja kwa kunia yake, Ummu Mihjan. Alikufa, Maswahaba wakamzika pasipo kumjulisha Mtume, kana kwamba waliliona jambo lake kuwa dogo. Mtume alipomkosa akamwulizia. Alipoambiwa, akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda akamswalia hapo. Zingatia, ndugu msomaji, kwamba hata Mtume wa Mwenyezi Mungu alihitaji kuonyeshwa. Na alikuwapo wa kumwonyesha.

Wanaolala katika ardhi ya Ugweno wengi wao ni wa daraja la yule mfagiaji. Mei 2025 taifa lilimzika Usangi, jirani na huko, Cleopa Msuya, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu 1980 hadi 1983 na tena tangu 1994 hadi 1995. Jina lake halina hofu ya kupotea. Ninaowahofia ni wale waliochimba na kuisafisha mifereji inayoshusha maji mashambani, wafua chuma wa ukoo wa Washana, mkunga, mwosha maiti, na maalimu aliyewafundisha watoto alifu na bee chini ya mti kwa malipo ya kibaba cha mahindi. Wamo pia waliogoma dhidi ya kodi ya mbiru kati ya mwaka 1944 na 1947, wakati Wapare walipoteremka kwa maelfu hadi makao ya serikali Same, na baadaye wanawake nao wakaingia. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 siku zile, leo angekuwa amepita 100. Wametangulia karibu wote.

Na majina yao ni ya Kigweno, lugha iliyo karibu na Kichaga kuliko Kipare, ambayo wasemaji wake wanapungua mwaka hadi mwaka huku vijana wakihamia Kipare na Kiswahili. Mtoto aliyekulia Dar es Salaam hawezi hata kulitamka sawasawa jina la bibi yake mkuu.

Kumwacha maiti bila jina si jambo dogo. Vita Kuu ya Kwanza ilipita chini ya milima hii. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914, na mapigano yaliendelea pande hizo hadi Machi 1916. Leo Taveta yako makaburi ya kijeshi yaliyopangwa kwa mistari, kila jiwe na jina lake. Wabebaji mizigo wa Kiafrika, wale ambao kikosi chao ndicho kilichoipa Kariakoo jina, walikufa kwa maelfu kwa njaa na kuhara, nao hawakupewa mawe. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba waliokufa wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Baadhi ya maofisa wa wakati ule walidai kwamba watu hawa wasingethamini mawe yenye majina. Tunayasoma maneno hayo tukakasirika, na ni haki yetu kukasirika. Lakini wabebaji wale walisahauliwa na wageni. Maalimu wa Ugweno anasahauliwa na wajukuu wa wanafunzi wake.

Atauliza mwenye kuuliza: je, tuandike majina juu ya makaburi? Jabir (R.A.) amepokea katazo la kulipaka kaburi chokaa, kulikalia na kulijengea, na katika upokezi wa Tirmidhi limo pia katazo la kuliandika. Kwa ajili hiyo Imamu Nawawi na wengi katika madhehebu ya Shafi wameona kuandika ni makuruhu. Wapo wanazuoni wengine, wakiwemo wa madhehebu hayo hayo, waliosema jina la kumtambulisha maiti halina ubaya pakiwa na haja. Sitaki msikiti wowote ugombane kwa jambo hili. Jiwe la Uthman bin Madh'un hakuna anayelikataa, na daftari halimo katika katazo hilo. Jiwe libaki tupu, na jina liandikwe kitabuni, kitabu kikae msikitini.

Liko jambo zito zaidi, nalo ni la wale ambao wazazi wao hawakuwa Waislamu. Upare wako wengi. Baadhi ya vijana wetu wenye bidii ya dini wameacha kabisa kufika kwenye kaburi la mama aliyekufa Mlutheri, au la babu aliyekufa katika mila, wakidhani huo ndio uchamungu. Imepokewa na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) aliomba ruhusa ya kumtakia mama yake maghufira, hakupewa, akaomba ruhusa ya kulizuru kaburi lake, akapewa. Alilizuru akalia, na waliokuwa pamoja naye wakalia. Mpaka umewekwa hapo, nao una pande mbili. Anayeuvuka kwa kuomba asichoruhusiwa amekosea, na anayejizuia asifike kaburini kwa mama yake amejiharamishia alichoruhusiwa Mtume. Tena jeneza la Myahudi lilipopita mbele yake Mtume alisimama, na alipoambiwa ni la nani, akawauliza kama hiyo nayo si nafsi. Basi daftari la Shighatini lisiogope kuandika jina la Mshana Mkristo karibu na la Mshana Mwislamu. Baba yao ni mmoja.

Waliofia mbali nao wasisahauliwe. Kwa kuwa sunna ni kuharakisha mazishi, na wanazuoni wetu wa Kishafi hawapendi maiti asafirishwe, Mwislamu wa Ugweno akifia Dar es Salaam aghalabu huzikwa huko huko, Kisutu au kwingineko, wakati nduguye Mkristo hurudishwa mlimani. Kwa hiyo ukihesabu makaburi ya kijijini tu, utadhani ukoo huo haukuwa na Waislamu wengi.

Serikali nayo inayo Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, inayoruhusu makaburi kuondolewa ardhi inapohitajika kwa manufaa ya umma, na kuwapa jamaa za marehemu nafasi ya kusikilizwa na kulipwa. Kaburi lisilojulikana ni la nani halina jamaa wa kujitokeza. Na shamba la ukoo likiuzwa vipande vipande, mnunuzi atalima asipoonywa.

Daftari lenyewe halihitaji mfadhili. Liandikwe jina la marehemu kama lilivyotamkwa kwa Kigweno, jina la baba na la mama, ukoo, mwaka kwa kukisia kama haujulikani, kazi aliyoifanya, mahali alipolala kwa kuhesabu hatua kutoka kwenye mti au ukuta, na jina la mzee aliyeonyesha. Ibakishwe nakala moja kwa mwenyekiti wa kijiji. Wenyeji waishio mijini hupanda milimani wakati wa sikukuu. Idd ijayo, baada ya swala, wazee watembezwe makaburini kabla jua halijawa kali, na mmoja mwenye mwandiko mzuri awafuate na kalamu. Waanzwe wale ambao hawakuacha mtoto.

Wallahu a'lam.