Somo la Afya: Choo Kina Gharama Yake

Leo tutajifunza habari za maji machafu, na fedha zinazotakiwa ili yaondoke.

Katikati ya mji wa Dar es Salaam kuna mabomba ya maji machafu chini ya ardhi. Lakini sehemu kubwa ya Kinondoni na Temeke haina mabomba hayo. Huko kila nyumba ina shimo lake. Wengi hudhani kwamba shimo likiisha kuchimbwa, gharama imekwisha. Sivyo. Shimo hujaa.

Likijaa, kuna njia tatu. Ya kwanza ni kuita gari la kunyonya, ambalo hupeleka uchafu mahali pa kuusafisha, kama Vingunguti. Njia hii ni salama, lakini ni ghali, na gari halipiti vichochoroni. Ya pili ni kuwaita vyura. Hao ni watu wanaochimba shimo jingine kando, wakahamisha uchafu kwa ndoo. Kazi yao ni ya hatari. Ya tatu ni kutapisha: mvua ikinyesha, mwenye nyumba hutoboa shimo, uchafu ukachukuliwa na maji. Yeye hakulipa kitu; lakini uchafu umeingia kisimani kwa jirani.

Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilianza Kinondoni, kikaenea mikoa mingi. Gharama aliyoikimbia mmoja hulipwa na wengi.

Hata Uingereza yalikuwako mambo haya. Mwaka 1858 mto Thames ulinuka hata wabunge wa London wakashindwa kuvumilia. Bunge likaruhusu kukopa pauni milioni 3, na mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikubwa. Deni lililipwa kidogo kidogo, kwa kodi ya nyumba.

Nasi tufanye hesabu. Tuseme gari linadai shilingi 120,000, na nyumba ina wapangaji 6. Kila mmoja atatoa shilingi 20,000. Kuzipata kwa siku moja ni vigumu. Lakini akiweka shilingi 2,000 kila mwezi, baada ya miezi 10 fedha zipo, kabla ya masika.

Maswali:
1. Kutapisha ni nini? Nani huumia?
2. Wapangaji wakiwa 8, kila mmoja atatoa shilingi ngapi?
3. Katika nyumba yako, nani atatunza fedha hizo?